Nisevu Nikutumie Mzigo: Soko la Mfaranyaki Ndani ya Simu

Aprili 2019 hisa za kampuni ya Jumia zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York, na watu wakawa wanaiita Amazon ya Afrika. Novemba mwaka huohuo ikafunga virago Tanzania.

Biashara ya mtandaoni haikuondoka nayo. Ilibaki pale ilipokuwa tangu mwanzo, kwenye WhatsApp, Instagram na Facebook. Huko mnunuzi anaona picha, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anatuma hela kwa simu, kisha anakwenda stendi kupokea boksi lenye jina lake lililoandikwa kwa maka peni. Utaratibu huo haukubuniwa na mwekezaji yeyote. Umejengwa na wauzaji wenyewe juu ya vitu vilivyokuwapo tayari: M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, mabasi ya mikoani, na desturi ya kupatana bei ambayo kitufe cha "nunua sasa" hakikuipa nafasi.

Kwa muuzaji wa Mfaranyaki, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Songea, hii ni habari njema kuliko inavyoonekana. Songea iko mbali; kwa barabara kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja. Lakini mkoa wa Ruvuma una bidhaa ambazo walioko mbali wanazitamani: kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru, mahindi, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Mtu aliyelelewa kwa usipa wa Mbamba Bay ukimpa dagaa wa Mwanza atakula, atashukuru, na bado atauliza wa kwao wanapatikana wapi. Anayeuliza hivyo akiwa Dodoma au Kinondoni ni mteja wa Mfaranyaki ambaye bado hajapewa namba ya simu.

Nguvu ya walio mbali na nyumbani ilionekana mapema. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Kiswahili iliyoitwa Jikomboe. Septemba 2005, wakiwa kwenye mkutano mjini Helsinki, alimsaidia Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, kufungua ya kwake. Michuzi hakuandika falsafa. Aliweka picha: harusi, misiba, mikutano, mitaa. Watanzania wa ughaibuni wakawa wanaingia kila siku kuchungulia nyumbani, na kampuni zenye bidhaa za kutangaza zikaona watu wako wapi. Somo hilo halijapitwa na wakati ingawa wengi wamehamia kwenye programu za simu: picha ya mahali mtu anapopafahamu humrudisha kesho yake bila kubembelezwa.

Tatizo la wauzaji wengi ni kutojua jinsi chombo wanachokitumia kinavyofanya kazi. Chukua WhatsApp. Picha ya stetasi hudumu saa 24 tu, na kwa kawaida huonekana kwa mtu uliyemsevu ambaye naye amekusevu. Orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi bila kuunda kundi, huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Ndiyo maana "nisevu" ni neno la biashara na si la salamu. Mteja akilipa na kuondoka bila kuhifadhi namba, muuzaji amepata hela ya siku moja na kupoteza tangazo la mwaka mzima. Namba iandikwe kwenye mfuko, kwenye risiti, na kwenye lile boksi linalopakiwa basi.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haina gharama ya kuipakua na ina sehemu ya kupanga bidhaa pamoja na bei zake. Ajabu ni kwamba wengi wameipakua na bado wanaandika "bei njoo inbox". Hakuna kinachofukuza mnunuzi kama hicho. Akiwa na bando la shida hataki kuanza mazungumzo ili ajue kama ana uwezo. Atapita kwa jirani aliyeandika bei.

Tuseme mama mmoja anauza usipa. Posti iliyozoeleka ni picha iliyodakwa mtandaoni, maneno "dagaa safi wanapatikana" na vikopa sita. Hiyo haimwambii mtu kitu. Picha ya posti inayouza hupigwa asubuhi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, usipa wakiwa kwenye ungo na sado pembeni ili kipimo kionekane. Chini yake: "Usipa wa Mbamba Bay, wamekaushwa kwenye chanja, hawana mchanga. Bei ya sado ni hii. Oda za leo zinapanda basi la kesho, risiti ya basi nakutumia." Neno "mchanga" hapo lina kazi kubwa kuliko vikopa vyote, maana kila aliyewahi kutafuna dagaa wenye mchanga amelielewa. Ahadi ya risiti nayo inajibu hofu ambayo mnunuzi ataona haya kuitamka: kutapeliwa.

Stetasi ikifutika kesho yake, kitakachobaki ni kile kinachopatikana kwa kutafuta. Hapo ndipo blogu inapostahili heshima yake. Anayeandika Google "kahawa ya Mbinga" au "fundi wa samani Songea" tayari anataka kununua, na makala fupi yenye bei, picha na ramani inaweza kumpata hata baada ya mwaka. Asiyetaka kuandika anaweza angalau kusajili duka lake kwenye ramani za Google, bila malipo, ili Mfaranyaki isionekane huko kama mtaa usio na maduka.

Namba za wafuasi zisimtie mtu wazimu. Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, alipata mamilioni ya wafuasi kwa kuigiza nyimbo za Kihindi, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja pamoja na dada yake Neema katika hotuba yake ya redio. Ni mafanikio makubwa kwa msanii. Kwa mwenye saluni Mfaranyaki, wafuasi milioni moja wa Mumbai hawatasuka nywele. Akilipia tangazo la Facebook, achague Songea na viunga vyake tu, hela kidogo kwa siku chache, na aulize kila mteja mpya amemjulia wapi. Jibu hilo lina thamani kuliko idadi ya walioipenda posti.

Saluni pia zina jambo la kisheria la kuangalia. Picha ya kichwa kilichosukwa vizuri ni tangazo bora, lakini uso wa mteja ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kabla ya kuweka picha, omba ruhusa kwa ujumbe na utunze jibu. Wenye blogu nao wana kumbukumbu chungu: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai ada ya maombi, leseni na malipo ya mwaka yaliyozidi shilingi milioni mbili kwa jumla, na baadhi yao wakafunga. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, ila ni vizuri kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kuanza kuchanganya matangazo na habari.

Kisha kuna siku ambazo chombo chenyewe hakipo. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Muuzaji ambaye wateja wake wote wako ndani ya programu moja hana hata pa kuanzia kuwatafuta. Daftari la kawaida lenye jina, namba ya kupigia, mji na oda ya mwisho linaweza kujazwa jioni wakati wa kufunga hesabu, na namba hizo zitapigika hata siku ambayo bando halina kazi.