Dawa ya Magugu Isikae Katika Chupa ya Soda



Wakulima wa ngano wa Karatu na Hanang wanaijua dawa ya 2,4-D. Huua magugu yenye majani mapana na kuiacha ngano, kwa kuwa ngano ni jamii ya nyasi. Hupuliziwa ngano ikishatoa machipukizi, kabla shina halijaanza kurefuka. Maharage ya jirani haiyaachi. Upepo ukivuma, ahirisheni.

Lakini mimi ni muuguzi, na kinachonisumbua ni ile robo lita inayobaki. Mwenyewe anaona uchungu kuiacha, anaitia katika chupa ya soda na kuiweka chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu akiiona chupa ya soda, atadhani nini? Tumewapokea watoto wa namna hiyo, wengine wakiwa wamecheleweshwa kwa kuwa nyumbani walitapishwa kwanza na kunyweshwa maziwa. Msimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hii. Mleteni hospitali mara moja pamoja na kopo lenye lebo, ili mganga ajue ni dawa gani.

Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha njoni hata kama maumivu yamepungua.

Baba anayepulizia avae glavu, mabuti na shati la mikono mirefu, wala asizibue pua ya bomba kwa mdomo. (Nimewaona hata wasomi wakifanya hivyo!) Nguo zake zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto.