Unavuka Namanga na gari lako? Angalia kibali kinaisha lini

Madereva wengi wa Kenya wanaokwenda Arusha au Moshi hukumbuka kibali cha gari siku ya kuingia tu. Shida huanza siku ya kutoka.

Gari lenye namba za Kenya likiingia Tanzania, forodha hulihesabu kuwa limeingizwa kwa muda. Ndiyo maana halilipiwi ushuru. Lakini nafuu hiyo ina mwisho, na tarehe yake iko kwenye kibali.

Beba hivi:
- Pasipoti na leseni.
- Logibuku. Gari si lako? Beba barua ya mwenyewe. Lina mkopo? Barua ya benki.
- Bima ya Kadi ya Njano, inayotambulika pande zote mbili.

Ukipewa kibali, kisome palepale dirishani: jina, namba ya gari, tarehe.

Safari ikirefuka, nenda ofisi ya TRA uombe muda kabla hakijaisha. Gari likipata ajali au likiharibika, toa taarifa mapema. Usiliuze, hata kama ni chuma chakavu, bila idhini ya forodha.

Ukirudi, usipite tu. Namanga ni kituo cha pamoja, hivyo maofisa wa TRA utawakuta kwenye jengo la upande wa Kenya. Hakikisha wamekifunga kibali. Kisipofungwa, kwa hesabu za forodha gari bado liko Tanzania, na unaweza kudaiwa ushuru wa gari ambalo liko nyumbani kwako.