Sura ya Sita: Ubongo Unaosikiliza Damu

Mama anayenyonyesha akimwacha mwanawe nyumbani na kwenda sokoni, akasikia huko mtoto wa mwenzake akilia, mara nyingi huhisi matiti yakijaa na kuwasha kwa ndani, na muda si mrefu gauni limelowa kifuani. Hakunyonywa wala hakuguswa. Ni sauti tu iliyoingia sikioni, na kufumba na kufumbua maziwa yanatoka. Tukio hili analijua kila aliyewahi kulea, lakini ndani yake mna swali lililowasumbua wanasayansi kwa miongo mingi: ubongo hufanya kazi yake kwa neva, na tezi hufanya kazi yake kwa kumwaga homoni kwenye damu. Je, hivi viwili vinaongea vipi?

Mahali vinapoongelea ni nyuma ya pua, katikati kabisa ya kichwa. Kwenye mfupa wa fuvu pana kishimo, na ndani yake imekaa tezi ya pituitari, ukubwa wa punje ya njegere, uzito wa nusu gramu hivi. Juu yake ipo hipothalamasi, kipande cha ubongo chenye gramu nne hivi, na kati yao kuna kikonyo chembamba. Kurefuka kwa mtoto, kubalehe, hedhi, mbegu za kiume, joto la mwili, kiu, maziwa ya mama na nguvu ya kustahimili ugonjwa, vyote hivyo vina mkono wa viungo hivi viwili.

Pituitari ni tezi mbili zilizobanana. Ya nyuma ni ubongo wenyewe ulioteremka: neva za hipothalamasi hupita kwenye kikonyo, huishia hapo, na ncha zake humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu. Homoni hizo ni mbili. Oksitosini ndiyo iliyomlowesha yule mama sokoni, kwa kubana vijifuko vya maziwa ndani ya titi. Hiyohiyo hubana mji wa mimba, ndiyo maana mkunga humchoma mzazi sindano yake mara tu mtoto anapotoka, damu isimwagike. Ya pili ni vasopresini, inayoziagiza figo zirudishe maji mwilini. Aliyefunga Ramadhani, ikikaribia magharibi, hukojoa kidogo na mkojo umekolea rangi. Hipothalamasi imepima damu, ikaona chumvi imeanza kuzidi maji kwa asilimia moja au mbili tu, ikaamuru maji yazuiwe, na papo hapo ikamletea kiu.

Sehemu ya mbele ndiyo iliyokuwa fumbo. Haitokani na ubongo: mimba ikiwa changa, huchipuka kutoka paa la kinywa cha kiumbe na kupanda juu hadi kukutana na ile ya nyuma. Neva za ubongo haziishii humo kuziongoza chembe zake. Hata hivyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, prolaktini ya kutengeneza maziwa, TSH ya kuiamsha tezi ya thairoidi shingoni, ACTH ya kuziamsha adrenali zilizo juu ya figo, na homoni mbili zinazoendesha ovari na korodani. Kama haina neva, basi nani anaipa amri?

Kilichokuwepo ni mishipa midogo sana ya damu iliyoshuka kando ya kikonyo. Geoffrey Harris wa Uingereza aliamini kwamba hipothalamasi hudondosha kemikali humo, nazo husafiri sentimita moja au pungufu hadi kwenye pituitari. Wengi walimpinga, kwa kuwa waliokwisha kukata kikonyo cha wanyama walipata majibu yasiyopatana: huyu alisema uzazi umekoma, yule akasema umeendelea. Harris akagundua kwamba mishipa ile ikikatwa huota tena. Akakata kikonyo cha panya, kisha kwa baadhi yao akatia kipande cha karatasi yenye nta katikati ya pengo. Penye karatasi, mishipa haikuungana na tezi ikalala. Pasipo karatasi iliungana, na uzazi ukarudi. Mwaka 1952 yeye na Dora Jacobsohn waliing'oa kabisa pituitari ya panya majike na kuwapandikizia nyingine. Waliopandikiziwa chini ya hipothalamasi, mishipa ikaifikia tezi mpya, nao wakapata joto na hata kuzaa. Waliowekewa chini ya sehemu nyingine ya ubongo, tezi ilipata damu ya kutosha ya kuishi, lakini haikufanya kazi. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika tiba: chembe zilezile, damu ipo, kilichokosekana ni ujumbe tu.

Ilibaki kuukamata ujumbe wenyewe. Roger Guillemin na Andrew Schally walianza pamoja huko Houston, Marekani, kisha wakatengana na kugeuka mahasimu. Mmoja alikusanya bongo za kondoo kutoka machinjioni, mwingine za nguruwe, kwa mamia ya maelfu. Guillemin alipata miligramu moja ya kemikali safi kutoka hipothalamasi za kondoo 300,000 hivi. Mwaka 1969 makundi yote mawili yalitangaza umbo la homoni ya kwanza ya hipothalamasi, ile inayoiamuru pituitari itoe TSH: asidi amino tatu tu zilizoungana. Mwaka 1977 walipewa Tuzo ya Nobel, wakagawana na Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni hata zikiwa chembechembe ndani ya damu. Harris hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1971.

Tangu hapo vitabu vingi huiita pituitari mkuu wa tezi zote. Jina hilo linapotosha. Kongosho hutoa insulini kwa kuisoma sukari yenyewe, bila kungoja ruhusa ya pituitari. Na hata pale inapoamrisha, pituitari na hipothalamasi hutumia muda wao kusikiliza majibu. Thairoidi ikitoa thairoksini ya kutosha, thairoksini hiyo hurudi na damu hadi kichwani na kuzinyamazisha zote mbili. Ikipungua kidogo tu, TSH hupanda maradufu kadhaa. Kwa sababu hiyo, daktari akitaka kujua hali ya thairoidi huanza kupima TSH, homoni isiyotoka kwenye thairoidi.

Rovu ni mfano wa mrejesho huu unaoonekana kwa macho. Katika nyanda za juu za Tanzania, kama Iringa, Mbeya na Rukwa, udongo una madini joto machache, na kabla chumvi haijaanza kutiwa madini hayo kwa sheria miaka ya 1990, rovu lilikuwa la kawaida vijijini. Bila madini joto thairoidi haiwezi kutengeneza thairoksini. Pituitari haijui habari za udongo. Inachokiona ni upungufu, basi inazidisha TSH. Thairoidi iliyosukumwa miaka na miaka hunenepa, ikatokeza shingoni. Uvimbe uko kooni, lakini msukumo wake unatoka kichwani.

Sasa tuangalie mishipa ile ya kikonyo inapoikosesha tezi damu, maana jambo hili lingestahili kujulikana zaidi huku kwetu, ambako kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi. Mwanamke akiwa mjamzito pituitari yake hukua, kwa kuwa chembe za prolaktini zinaongezeka. Lakini damu yake hupitia mishipa yenye shinikizo dogo. Mzazi akimwaga damu nyingi na presha ikaporomoka, tezi iliyokua hukosa damu na sehemu yake hufa. Harold Sheehan, aliyechunguza maiti za wazazi mjini Glasgow, aliieleza hali hii mwaka 1937, nayo ikachukua jina lake.

Aliyenusurika huongezewa damu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Dalili ya kwanza hujitokeza mapema: maziwa hayaji. Hupikiwa mtori na uji wa pilipili manga, huambiwa ale zaidi, pengine husemwa vibaya. Hedhi hairudi, na watu hudhani ni kwa sababu analea. Nywele za kwapani alizonyoa hazioti. Anachoka, anasikia baridi wenzake wakisikia joto, ngozi inapauka. Anaweza kuishi hivyo miaka kumi au zaidi. Kisha inakuja malaria ambayo mtu mwingine angeipata akapona. Mwili unahitaji kortisoli nyingi, homoni inayotolewa na adrenali, kuikabili, lakini hakuna ACTH ya kuziamsha adrenali. Sukari inashuka, presha inashuka, na mama anazimia.

Hapa kipimo cha TSH peke yake humdanganya daktari. Thairoksini iko chini, lakini TSH inaweza kuonekana ya kawaida, kwa sababu tezi iliyopaswa kuipandisha imekufa. Inabidi vipimwe vyote viwili, na kortisoli pia. Matibabu nayo yana mpangilio usiopinduliwa: haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, kwanza, thairoksini baadaye. Thairoksini huharakisha shughuli za mwili na kuimaliza haraka ile kortisoli kidogo iliyobaki. Ikitangulia, inaweza kumuua mgonjwa aliyekuja akitembea. Swali moja analoulizwa mwanamke aliyechoka bila sababu, kama alimwaga damu sana alipojifungua na kama alipata maziwa, linaweza kumaliza fumbo la miaka mingi.

Mfumo huu unaweza kuzimwa hata bila ugonjwa. Krimu nyingi za mkorogo zinazouzwa kuchubua ngozi zina klobetasoli, mojawapo ya dawa kali kabisa za jamii ya kortisoni zinazopakwa. Ukijipaka mwili mzima kila siku, dawa hupenya hadi kwenye damu. Hipothalamasi haitofautishi kortisoli yako na ya kopo: inaona imejaa, inaacha kuamuru. Pituitari inapunguza ACTH, na adrenali zisizoamriwa husinyaa. Uso huviringika, ngozi huwa nyembamba na kuchanika michirizi, presha na sukari hupanda. Wanaomeza prednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa muda mrefu hupitia hayohayo. Mtu akiacha ghafla, anabaki bila kortisoli ya kopo na bila yake mwenyewe: hulegea, hutapika, presha huanguka. Kwa hiyo dawa hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kuamka kwenyewe huanzia juu. ACTH hurudi kwanza, hata kupita kiwango chake cha kawaida, ikizihimiza adrenali ambazo bado hazina uwezo wa kuitikia. Kortisoli hufuata baadaye sana, na daktari huitafuta katika damu inayotolewa saa mbili asubuhi, wakati ambao kwa mtu mzima wa afya huwa iko juu.