Faili Likikwama, Usikimbilie Kulaumu Mnara

"Mtandao umekufa, fundi. Tangu asubuhi."

Aliyesema hivyo ni kijana mwenye duka la steshenari hapa Sapiwi, mkoani Simiyu, ambaye pia hupiga video za harusi. Pamba ikishauzwa harusi hufuatana, na siku hiyo alikuwa anahamisha gigabaiti 200 za msimu mzima kutoka kompyuta ya kaunta kwenda ile ya nyuma ya pazia, anakohariri. Nilichomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta. Mafaili yakaendelea kutembea kwa kasi ileile. Akanitazama, akanyamaza. Safari ya mita sita kati ya meza mbili haipiti kwenye mnara wala haigusi bando.

Kasi aliyokuwa akiipata ni megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi, haishuki. Fundi akiiona 11 iliyotulia namna hiyo habahatishi tena. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Jozi zote zikiwa nzima, kompyuta za siku hizi hupatana kwenye megabiti 1,000 kwa sekunde. Ikikatika jozi moja, mara nyingi hushuka kimyakimya hadi 100. Megabiti nane ndizo megabaiti moja, kwa hiyo 100 ni megabaiti 12 na nusu, na ukitoa mzigo wa anwani na taarifa za njiani unabaki na 11 hivi. Gigabaiti 200 kwa mwendo huo ni saa tano. Kwa waya mzima, diski zikimudu, ni nusu saa. Tuliufuata waya mpaka chini ya kabati, tukakuta panya ameshakula. Mpya tuliupitisha ndani ya bomba la plastiki.

Ndiyo maana, kabla ya kugusa chochote, mimi hutazama kwanza faili linakwama vipi. Kuna linaloanza kwa mbwembwe kisha likaanguka. Kama linakwenda kwenye flashi, hapo hakuna ugonjwa: kompyuta hupokea mzigo kwenye kumbukumbu yake kwanza, halafu inangoja flashi iandike kwa uwezo wake, na flashi za bei poa uwezo wao ni mdogo. Kuna linalokataliwa kabisa ingawa flashi ina nafasi tele. Flashi iliyoformatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Iformati upya kwa exFAT, ila hamisha vilivyomo kwanza, maana kuformati kunafuta vyote.

Halafu kuna folda yenye picha 10,000, inayotambaa wakati video moja ya ukubwa uleule inapita kama upepo. Wakulima wa pamba hawahitaji somo hapa. Viroba mia vya watu mia, kila kimoja lazima kipande mzani, kiandikwe, kitolewe stakabadhi. Kompyuta nayo huandikisha kila faili peke yake. Zifunge picha zote ziwe faili moja la zip, ndipo uzitume.

Linalonitoa jasho ni lile linaloanza vizuri, likafika asilimia chache, likaganda, huku ujumbe mfupi na kurasa nyepesi vinapita bila shida. Pakiti ya kawaida hubeba hadi baiti 1,500, lakini zipo njia, hasa za VPN, zenye mlango mwembamba zaidi. Pakiti ndogo zinapenya, kubwa zinatupwa, na taarifa ya kumwambia mtumaji apunguze inazuiwa njiani na programu za ulinzi. Kwenye Windows andika ping -f -l 1472, kisha anwani ya unakotuma. Ikigoma, punguza namba kidogo kidogo mpaka ipite. Ukiongeza 28 juu ya ile iliyopita, umepata upana wa mlango. Iweke hiyo kwenye mipangilio ya ruta.

Wi-Fi ina vituko vyake. Mtumaji hungoja stakabadhi ya pakiti zilizofika, na zikipotea hudhani njia imejaa, anapunguza mwendo. Adabu hiyo ina historia. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, umbali wa yadi 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson na wenzake walichunguza chanzo, wakazifundisha kompyuta kupunguza mwendo njia inapojaa. Shida ni kwamba pakiti iliyomezwa na ukuta wa tofali nayo huhesabiwa kama foleni. Sogeza ruta, au bora zaidi, tumia waya.

Siku nyingine kosa liko mbali kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku hiyo hata ungefukuza panya wote wa Simiyu usingepata kitu. Lakini siku za namna hiyo ni chache kuliko tunavyopenda kuamini.

Basi faili lako likikwama, kabla hujapiga simu huduma kwa wateja, lihamishe kwanza kati ya kompyuta mbili za chumba kimoja, kwa waya, uandike kasi unayoiona. Ukipiga simu, anza na namba hiyo.