Mbegu zipo, baridi ndiyo adimu

Mfugaji wa Rungwe au Hai anayepandisha ng'ombe wake kwa chupa, yaani kwa kuhimilisha, hulipia baridi zaidi kuliko anavyodhani. Mrija wa plastiki wenye robo mililita ya mbegu za dume hauna thamani usipokaa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, tangu siku ulipogandishwa hadi dakika ya kutumika. Ukitunzwa hivyo, mbegu hudumu miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kuchinjwa.

Mbegu zenyewe hazikosekani. Madume bora yanafugwa karibu na Arusha, Kenya wana yao Kabete, na mirija kutoka Uholanzi na Marekani inaingia kwa anayeweza kuilipia. Tatizo ni kuifikisha kijijini ikiwa hai.

Afisa mmoja wa mifugo, aliyeomba asitajwe, aliniambia kwamba ng'ombe sita kati ya kumi hushika mimba kwa mrija wa kwanza. Nilipomuuliza hesabu hiyo imetoka kwenye daftari gani, akasema ndicho kiwango kinacholengwa. Jedwali alilonionyesha lilikuwa na mirija iliyogawiwa na ng'ombe waliohimilishwa. Safu ya ndama waliozaliwa haikuwamo, na mimi sioni mtu anavyoweza kuisifia huduma hii bila safu hiyo.

Mhimilishaji binafsi wa Nyanda za Juu Kusini, mwenye pikipiki na mtungi wa lita tatu, anaandika kila ng'ombe kwenye daftari la shule, pamoja na waliorudia joto kwa kutoshika mimba. Asubuhi kabla ya kutoka huchovya kijiti cha mbao ndani ya mtungi, hukiacha kidogo, kisha hukitoa na kukipunga hewani. Ukungu mweupe huganda juu ya mbao, na pale unapokomea ndipo kimiminika kilipofika. Siku niliyokuwa naye haukufika hata upana wa vidole vinne.

Lalamiko lake ni hilo. Naitrojeni hupungua mtungi ukifunguliwa na usipofunguliwa, apate wateja au asipate. Vituo vya kujazia ni vichache na viko mbali. Gari la kusambaza hupita kwa ratiba ambayo, asema, haijawahi kufuatwa miezi miwili mfululizo. Kwa hiyo yeye na wenzake huchangishana, wakakodi pikapu na kupeleka mtungi mkubwa wenyewe. Basi la abiria halifai kwa mzigo huo: lita moja ikigeuka hewa hujaza karibu lita 700, na ndani ya gari lililofungwa inaweza kumkata mtu pumzi. Gharama ya pikapu huishia kwa mfugaji. Ruzuku inayotangazwa ni ya mrija; ya safari yeye hajaiona.

Kinachomuumiza zaidi ni kwamba mrija ulioharibika haujitangazi. Tangu watafiti wa Uingereza walipogundua mwaka 1949 kuwa gliseroli huzikinga mbegu zisipasuliwe na barafu, kugandisha si kitendawili tena. Lakini mrija ukiinuliwa juu ya shingo ya mtungi kwa sekunde chache kupita kiasi, ukarudishwa, unabaki na rangi ileile na maandishi yaleyale. Bila hadubini hakuna anayejua. Mfugaji hujua baada ya siku 21, ng'ombe akianza kulia tena, na lawama humwangukia mwenye pikipiki. Kwa desturi hurudi kumhimilisha bure.

Tuseme kweli, si kila kosa ni la baridi. Wapo wanaopiga simu jioni ya siku ya pili, joto limekwisha pita, na wapo wanaomlisha ng'ombe majani makavu tu halafu wakamlaumu dume.



Sasa zinanadiwa mbegu zilizochambuliwa jinsia, zenye kutoa majike tisa kati ya kumi. Kwa mfugaji wa maziwa ni neema, na huenda zikabadili mengi. Ila mrija wake una mbegu chache mno kuliko wa kawaida, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kila uzembe wa ubaridi utamgharimu mfugaji zaidi. Afisa ana matumaini makubwa. Mhimilishaji ameagiza mirija mitano tu, ajaribu.

Wiki hizi mtungi wake umeanza kutoa umande shingoni, dalili kwamba ombwe lililo kati ya kuta zake mbili linavuja. Mpya unaagizwa nje ya nchi, na hana fedha hiyo. Anaongeza naitrojeni kila baada ya siku tatu badala ya kumi, na bado anapokea simu za wafugaji.