Tahadhari kabla ya kubadilisha habu za gari ili rimu zitoshee

WAMILIKI wengi wa magari hununua rimu kwa macho. Huziona zikimeta katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga au mtaani Grogan jijini Nairobi, wakapatana bei, kisha wakafika gereji na kugundua kwamba matundu ya rimu hayaoani na bolti za gari. Hapo ndipo fundi huombwa "atafute njia".

Njia zipo, ila si zote zinazostahili kuaminiwa na uhai wa abiria.

Kila gurudumu hufungwa kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka juu ya beringi. Bolti za habu hupangwa katika duara, na mpangilio huo hutajwa kwa tarakimu mbili: idadi ya bolti na kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote. Subaru Impreza na Forester nyingi za miaka ya 2000 zina bolti 5 katika duara la milimita 100. Toyota Harrier, Honda CR-V na Nissan X-Trail zina bolti 5 katika duara la milimita 114.3, ambazo ni sawa na inchi nne na nusu.

Kupima si kazi ngumu. Ikiwa bolti ni 4, pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile inayoielekea. Zikiwa 5, pima umbali wa katikati ya bolti mbili jirani, kisha zidisha kwa 1.701. Umbali wa milimita 58.8 unaonyesha duara la 100. Ule wa milimita 67.2 unaonyesha duara la 114.3.

Mpangilio ukilingana, bado kuna vipimo vingine. Toyota Premio za kuanzia mwaka wa 2007 hutumia mpangilio ule ule wa Impreza, lakini kitovu cha Premio kina kipenyo cha milimita 54.1 ilhali cha Impreza ni 56.1. Rimu ya Subaru itaingia kwenye Toyota na kuacha mwanya unaopaswa kuzibwa kwa pete maalumu. Rimu ya Toyota haitaingia kabisa kwenye Subaru. Aidha, nati za magari hayo hazibadilishani. Meno ya Toyota yamepishana kwa milimita 1.5 na ya Subaru kwa milimita 1.25, hivyo basi anayelazimisha nati ya moja kwenye bolti ya nyingine huharibu zote mbili.

Kwa nini vipimo vidogo hivi ni muhimu? Watu wengi hudhani kwamba gurudumu huning'inia juu ya bolti. Sivyo. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo na kuibana rimu kwenye uso wa habu. Mbano huo ndio unaobeba mzigo. Nati isipokaa sawasawa katika kikalio chake, mbano hupungua, rimu huanza kucheza, na bolti hupindwa mbele na nyuma katika kila mzunguko. Mwishowe huchoka na kukatika. Ndiyo maana kulazimisha rimu ya duara la milimita 112 kwenye habu ya 114.3 ni hatari hata kama nati zote zimeingia. Hitilafu hiyo haionekani gari likiwa limeegeshwa. Hujitokeza barabarani, gari likiwa kasi.

Anayetaka kubadilisha mpangilio ana njia tatu.

Ya kwanza, na iliyo bora, ni kuondoa habu nzima na kuweka nyingine iliyotengenezwa na kampuni ile ile. Subaru Impreza WRX STI, mathalani, ilihamia mpangilio wa 5 kwa 114.3 katika toleo la mwaka wa 2005, na baadhi ya wenye Impreza za awali hutumia vipuri vyake. Hata hivyo, kazi haiishii kwenye habu. Diski za breki lazima ziwe na matundu ya mpangilio mpya. Beringi, ekseli na hata mkono unaoshika habu huenda vikahitaji kubadilishwa, na vihisi vya breki za ABS sharti viendelee kusoma mzunguko wa gurudumu. Usikubali habu za mbele pekee; utalazimika kubeba tairi mbili za akiba.

Ya pili ni adapta, kipande cha chuma kinachofungwa kwenye habu kwa nati za gari, kisha rimu ikafungwa kwenye bolti za adapta yenyewe. Udhaifu wake ni unene. Adapta ya milimita 25 husukuma kila gurudumu nje kwa kiasi hicho, hivyo kuzidisha mzigo kwenye beringi, kubadilisha usukani na pengine kuifanya tairi ikwaruze bodi. Adapta inayofaa hushika kitovu cha gari kwa ndani na tundu la rimu kwa nje, bila mwanya. Nati za ndani hazionekani rimu ikishafungwa, kwa hivyo ni lazima rimu iondolewe na nati hizo zikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ya tatu ni kutoboa habu upya. Hii huwezekana tu ikiwa uso wa habu ni mpana kiasi cha kubakisha chuma cha kutosha kuzunguka matundu mapya. Bolti huingizwa kwa kushindiliwa, na tundu likizidi kipimo hata kidogo, bolti itazunguka ndani yake. Kazi hiyo ni ya mkerezaji mwenye mashine ya kugawa duara kwa usahihi, wala si ya drili ya mkononi. Kuyapanua matundu ya rimu, au kuyaziba kwa kulehemu na kuyatoboa upya, ni jambo la kuepukwa. Moto wa kulehemu hudhoofisha alumini iliyotiwa ugumu kiwandani.

Kazi ikikamilika, hakikisha nati inazunguka angalau mara 8 kwenye bolti yenye meno ya milimita 1.5, au mara 10 kwenye ile ya 1.25, kabla ya kukaza. Kaza kwa kupishanisha, ukitumia spana yenye kipimo na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji takriban nyutoni-mita 103. Iarifu pia kampuni yako ya bima, kwani badiliko lililofichwa laweza kuwa kisingizio cha kukataa kukulipa fidia.

Hata hivyo, kwa walio wengi, suluhisho la busara ni kurudi dukani na kubadilishana rimu hizo na zile zinazolingana na gari. Hasara ya shilingi chache yaweza kufidiwa. Gurudumu linalochomoka kwenye mteremko halimpi dereva nafasi ya pili.