Kubonyeza, Kubofya na Mbofyo Pacha: Istilahi za Kurekebisha Kipanya

Kompyuta imekwisha kuingia katika ofisi na nyumba nyingi nchini, na maelekezo ya kuitumia yanazidi kuandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, maelekezo mengi humpoteza msomaji, si kwa uhaba wa maneno, bali kwa kutoyapambanua. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo kipanya na namna ya kukirekebisha.

Kipanya kilibuniwa Marekani na Douglas Engelbart, na sampuli ya kwanza, iliyokuwa ya mbao, ilitengenezwa mwaka 1964. Wako wafasiri wakiitao puku, neno ambalo nalo ni jina la aina ya panya. Hapa tunatumia kipanya kwa kuwa ndilo lililoenea zaidi.

Vitenzi ndivyo vyenye utata. Kubonyeza ni kukandamiza kitu hata kiingie ndani. Neno hili halisemi kidole kitaachia lini. Kubofya, kwa asili yake, ni kukandamiza kidogo kwa kidole, kama afanyavyo mnunuzi sokoni apimapo iwapo embe limeiva: kidole hugusa na kuachia papo hapo. Kwa hiyo yafaa kubofya kutumike pale kitufe kinapoguswa na kuachiwa, na kubonyeza kutumike pale kinaposhikiliwa, kama katika agizo hili: "Bonyeza, shikilia, kisha buruta."

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo katika agizo "bofya mara mbili". Kompyuta huupima muda ulio kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili. Katika programu ya Windows, muda uliowekwa tangu mwanzo ni milisekunde 500, yaani nusu ya sekunde. Muda huo ukipita, kompyuta huhesabu mibofyo miwili iliyotengana.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kibaha aliyemwandikia mtumishi wa Kisarawe kwamba abofye mara mbili jina la faili ili lifunguke. Mtumishi, ambaye vidole vyake ni vizito, anabofya, anatua, kisha anabofya tena. Faili halifunguki; badala yake kompyuta inangoja aandike jina jipya. Akigusa herufi yoyote, kisha akabofya mahali pengine, jina la zamani limekwisha kufutika, na kesho kumbukumbu ya ofisi itatafutwa isionekane. Mtumishi ametii agizo kama lilivyoandikwa. Kasoro imo katika agizo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ya chombo chenyewe. Katika mipangilio ya kipanya mna sehemu ya kasi ya kubofya mara mbili. Alama yake ikisogezwa upande wa polepole, kompyuta humngojea mtumiaji muda mrefu zaidi. Kando yake mna picha ya folda ya kujaribia. Dawa ya pili ni ya lugha. Tunapendekeza tendo hili liitwe mbofyo pacha, na agizo lake liandikwe "bofya mara mbili mfululizo". Pacha huzaliwa pamoja. Mibofyo miwili iliyoachana si pacha.

Hapana budi pia kuepuka agizo "bofya kitufe cha kushoto". Mipangilio hiyo hiyo humruhusu mtu atumiaye mkono wa kushoto kubadilishana kazi za vitufe, na akishafanya hivyo agizo hilo humpeleka kusiko. Tuseme kitufe kikuu na kitufe cha pili, maana kazi ya kitufe ndiyo inayofasiriwa, wala si mahali kilipo.

Mfasiri mwenye kutaka kuyapima maelekezo yake na ampe mtu asiyeizoea kompyuta ayafuate neno kwa neno, naye akae kimya akitazama. Pale mkono wa mtu huyo utakapositasita ndipo penye istilahi ya kusahihishwa.